Namba Niliyokuficha

Mpendwa mdogo wangu Bhoke,

Baridi imerudi. Tangu wiki iliyopita magari ya mtaani kwetu yanaamka yamefunikwa na barafu, na watu wanayakwangua vioo kwa makasha ya CD, kama wale tuliokuwa tunawacheka dirishani mimi na wewe. Bado naishi nyumba ileile ya Handsworth. Chumba chako nimekifunga. Kila asubuhi, kabla sijanawa uso, nasimama jikoni mbele ya boila na kusoma kile kidirisha chake. Nikifika kazini nampigia simu jirani yetu Bi Harbans, aingie kwa ufunguo niliomwachia, anisomee tena kimeandika nini. Mchana nampigia tena. Alivumilia siku kadhaa. Alhamisi akachoka.

“Mimi siingii tena kusoma namba,” akaniambia. “Mtoto hayuko huko ndani. Iko baridi, iko joto, sasa nani anaumia?”

Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi za kazini na sare yangu mwilini. Nilikaa chini pale pale, nikashindwa kuingia ndani.

Najua barua hii haitakufikia. Nimeiandika wazi kwa sababu ya wengine. Nimemwomba mwenyekiti wa jumuiya yetu aisome Jumapili ijayo baada ya ibada, mbele ya watu wote wanaoniita shujaa. Wao wanajua kwamba nilitembea kwenye theluji kuja kukuokoa. Wamelisema hilo kwenye kila kumbukumbu yako, na mimi nimeinamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu. Kuna kitu hawakijui. Wewe ulikijua, ukakaa nacho siku tano.

Niwaeleze kwanza wewe ulikuwa nani, maana wengine walikuona mara mbili tu kanisani, umevaa makoti mawili.

Ulikuwa na sikoseli tangu utotoni. Pale Musoma, mvua za Machi zikianza, Mama alikuwa anapasha kitenge kwa pasi ya mkaa na kukufunga miguu, kisha anakaa ukingoni mwa kitanda mpaka ulale. Mimi nilikuwa nakuonea wivu kwa kile kitenge. Ulikuwa unapenda kusoma kila kilichoandikwa: karatasi za ndani ya maboksi ya dawa, magazeti ya kufungia maandazi, maonyo ya kwenye chupa za sabuni. Ulipopata nafasi ya kusomea ukutubi huku Birmingham, Mama alikataa kwa sababu ya baridi. Mimi ndiye niliyemshawishi. Nilimwambia kwenye simu, “Mama, huku baridi inabaki nje. Ndani ni joto kuliko kwako.”

Siku ulipofika uligusa lile bati jeupe lililo chini ya dirisha la sebuleni, ukauliza ni nini. Nikakueleza kwamba boila ya jikoni inachemsha maji kwa gesi, maji yanazunguka ndani ya mabomba na kupita humo, nyumba inapata joto.

“Kumbe ni rejeta!” ukasema. “Nyumba za huku zina rejeta kama lori la mizigo!”

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kuanzia siku hiyo tukawa tunaziita rejeta, na hata Bi Harbans akaiga.

Boila ilikuwa mpya. Mwenye nyumba alikuwa ameing'oa ya zamani na kuweka hii, na fundi aliyeifunga alinieleza mambo mengi ambayo sikuyasikiliza, nikatia sahihi, akanipa kitabu, nikakitupa kwenye droo ya vijiko. Wiki yako ya pili hapa nilirudi nikakuta kidirisha kimeandika S na sifuri. Nikaona sifuri nikaogopa. Nikampigia mwenye nyumba, naye akamtuma fundi. Fundi alitazama dakika moja, akaniambia hakuna kilichoharibika, akaondoka akitikisa kichwa. Niliona aibu. Wewe ukaenda kwenye droo, ukatoa kitabu, ukakaa nacho mezani jioni nzima kama mtu anayesoma riwaya.

“Dada, njoo nikufundishe,” ukasema. “Herufi S siyo ugonjwa. S ni boila inakuambia iko kwenye hali gani. S sifuri, imepumzika, hakuna anayeidai joto. S moja, feni inaanza kuzunguka. S tatu, inawasha. S nne, moto umeshika, inapasha nyumba. Ukiona S, iache ifanye kazi yake.”

“Na ikiandika nyingine?”

“Ikiandika F, hapo ndiyo inakuambia inaumwa. Na F usiifute. Watu wanakimbilia kitufe cha riseti ili iwake upya, namba inafutika, ugonjwa unabaki. Unaiandika kwanza, unaangalia kitabuni, unajiuliza: maji yapo? Umeme upo? Gesi inafika? Ilianza lini, na imejirudia mara ngapi?” Ukanishika mkono. “Nipe ahadi. Ukiona F, niite mimi kabla hujabonyeza.”

Nikakuahidi huku nakoroga uji. Sikuwa nafikiria kitu.

Baridi ya Februari ile ilipoanza, mimi nilikuwa na zamu za asubuhi kwenye nyumba ya wazee kule Sutton Coldfield. Niliamka saa kumi na nusu alfajiri. Siku ya kwanza nilishuka jikoni nikasikia boila inagugumia, kama mtu anayesukutua maji kooni. Nikatazama. F ishirini na nane. Rejeta zilikuwa za baridi. Nikaja mpaka mlangoni kwako nikuamshe, nikakukuta umelala umejikunja, umevuta blanketi mpaka puani. Ulikuwa unaumwa magoti tangu jana yake. Nikasema moyoni, apumzike. Nikarudi nikabonyeza riseti. Feni ikazunguka, tik, tik, moto ukashika. S nne. Nikavaa viatu nikaenda kazini.

Nakuapia, Bhoke, siku ile ya kwanza ilikuwa huruma.

Siku ya pili ikarudia. Nikabonyeza tena, na nikajiambia nitakueleza jioni. Jioni ulikuwa umechangamka, unanisimulia habari za mwalimu wenu mwenye soksi za rangi mbili, na nyumba ilikuwa na joto, na mimi nilikuwa nimechoka. Nikajua ungeuliza, “Uliandika namba? Kwa nini hukuniita?” Ungenilazimisha kumpigia mwenye nyumba, na yeye angekumbuka ile sifuri. Nikanyamaza. Ya tatu, ya nne, ya tano. Kila asubuhi ilikuwa inachukua kubonyeza mara nyingi zaidi. Asubuhi ya sita nilibonyeza mara tisa, na nilipoona S nne nilipiga magoti kwenye vigae nikamshukuru Mungu. Kisha nikaenda zangu.

Theluji ilianza kuanguka nikiwa kwenye treni. Ulinipigia kabla ya saa tano. Nilikuwa kwenye korido na sinia la dawa, msimamizi wangu amesimama hatua tatu kutoka kwangu akinitazama.

“Dada, boila imezimika. Imeandika F ishirini na nane. Kitabu kinasema imejaribu kuwasha imeshindwa. Nimeriseti mara moja, imekataa.”

“Jaribu tena.”

“Subiri kwanza. Kuna maelezo mawili hapa, na hayafanani. Inategemea.” Nilisikia unafunua karatasi. “Je, imewahi kuandika F kabla ya leo?”

Ulikuwa umeniuliza swali sahihi. Nimekuja kukisoma kitabu kile mpaka nakijua kwa moyo. Ukurasa ule una mafungu mawili. Fungu la kwanza linasema kama hitilafu imetokea ghafla, angalia gesi inafika kwenye mita. Fungu la pili linasema kama hitilafu inajirudia wakati wa baridi kali, na boila inagugumia, basi gesi haina neno. Kuna bomba jembamba la plastiki linalotoa maji machafu ya boila kwenda nje, angalia kama limeganda. Jibu langu ndilo lingekuonyesha fungu gani ulifuate.

“Hapana,” nikasema. “Asubuhi nimeiacha inawaka vizuri.”

“Una hakika?”

“Bhoke, niko kazini.”

Nimejiuliza kwa nini miezi yote hii. Nimejaribu kumsingizia msimamizi, nimejaribu kusingizia uchovu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekuvunjia ahadi mara sita, na nikaona aibu mbele ya mdogo wangu. Hakuna zaidi ya hapo.

“Basi itakuwa gesi,” ukasema. “Jiko letu la umeme, siwezi kujua kama gesi ipo mpaka niangalie mita. Iko nje, kwenye lile boksi la ukutani.”

“Nenda. Mara moja tu.”

Mimi ndiye niliyesema hivyo. Nilijua nje kuna theluji, nilikuwa naiona dirishani inashuka kama pamba inayochambuliwa, na nilijua mita haina shida. Nikakata simu, nikaendelea kugawa dawa.

Boksi la mita lilikuwa limeshikwa na barafu. Uliniambia baadaye kwamba ule ufunguo wake wa pembe tatu ulikataa kuzunguka, ukarudi kuleta maji ya moto, ukamwagia, ukajaribu tena, likafunguka, ukapiga magoti kwenye theluji kutazama koki. Koki ilikuwa wazi. Gesi ilikuwepo. Ukafunga, ukarudi ndani kwenye nyumba isiyo na joto. Ile hita yetu ndogo ya umeme ulikuwa umeshaigawa wakati wa Krismasi, kwa mama mmoja wa Kikongo wa pale kanisani aliyekuwa amejifungua. Ulikuwa umeniambia, “Sisi tuna rejeta.”

Ulinipigia mara ya pili saa saba mchana. Ulikuwa na mablanketi matatu na chupa ya maji ya moto, na mwenye nyumba alikuwa hapokei. Sauti yako ilikuwa bado ya mtu anayefikiri. “Nimesoma kitabu chote, Dada. Gesi ipo. Maji yapo, geji ya presha iko kwenye kijani. Umeme upo. Sielewi. Kuna kitu sikioni.”

Hapo nilikuwa na nafasi ya pili. Nilikuwa peke yangu kwenye chumba cha kufulia, hakuna msimamizi, hakuna mtu. Neno lilinifika kwenye ulimi. Nikasema, “Jaribu tu kuriseti.”

Saa nane ulipiga tena, hukusalimia.

“Dada, miguu imeanza.”

Wasiojua sikoseli wataona ni maneno madogo. Mimi nimekua nayo. Nilivua aproni nikaiacha sakafuni. Nilipiga simu ya dharura nikaomba gari la wagonjwa, wakaniambia litakuja, ila barabara ni mbaya na wanaoita ni wengi. Nikaenda stesheni, treni zimesimama. Nikangoja kituo cha basi pamoja na mzee mmoja wa Kizungu aliyekuwa na mbwa ndani ya koti, akaniambia, “Hakuna basi, binti. Nenda nyumbani.” Nikaanza kutembea.

Sitausimulia mwendo ule. Umesimuliwa vya kutosha na watu ambao hawakuwepo. Nitasema tu kwamba nilishuka na barabara kuu, nikakata kulia kupitia Perry Barr, nikaanguka mara nyingi, na kila nilipoanguka nilikuwa nakupigia. Mara tatu ulipokea. Mara ya mwisho niliisikia simu imepokelewa lakini ulikuwa unahema tu, umeuma meno. Ndipo nilipokumbuka neno moja la yule fundi aliyeifunga, kwamba bomba la nje huganda kwenye baridi kali, nikawa napiga kelele njiani, “Ni bomba la nje, Bhoke! Ni bomba! Limeganda!” Nadhani hukusikia. Au ulisikia, sijui. Nilikuwa bado Perry Barr.

Nilifika saa kumi na moja, giza linaingia. Mlango ulikuwa wazi. Bi Harbans alikuwa jikoni na birika, kanzu yake ya Kipunjabi imelowa mpaka magotini. Ulikuwa umegonga ukuta kwa sufuria mpaka akaja. Wewe ulikuwa umelala kwenye kochi, umefunikwa mablanketi yako na mashuka yake na zulia la sebuleni juu. Uso wako ulikuwa na rangi ya majivu.

“Leta maji ingine,” Bi Harbans akaniambia hata kabla sijafunga mlango. “Ya moto, lakini isichemke sana, itapasua plastiki. Hii bomba yenu ya nyuma imeshika barafu. Yangu pia ilishika mwaka jana, fundi akanionyesha.”

Tukatoka uani. Bomba lenyewe lilikuwa jembamba kama kidole gumba, limeteremka ukutani mpaka kwenye mfereji, na mwisho wake ulikuwa na donge la barafu. Alimimina, nami nikashika kwa mikono miwili nikalisugua. Ilichukua mabirika matatu. Donge likaachia, maji yaliyokuwa yamejaa ndani yakatoka kwa kishindo. Tukarudi, nikabonyeza riseti. S moja. S tatu. S nne.

Kazi yote ilikuwa imechukua muda usiozidi robo saa.

Bi Harbans akajifuta mikono. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anaongea kama mtu anayepumua baada ya kazi. “Mimi nasikia hii kelele kwa ukuta wiki nzima,” akasema. “Glo-glo-glo, asubuhi na mapema. Halafu tik, inaamka. Nikasema, hawa wasichana wanajua, watamwita fundi.”

Sebule na jikoni vimetenganishwa na ukuta mwembamba tu na uwazi usio na mlango. Niligeuka. Ulikuwa umefungua macho.

“Dada,” ukasema. “Kumbe ulikuwa unajua.”

Hukuwa na hasira. Ningepata nguvu kama ungekuwa na hasira. Uliongea kama mtu aliyekuwa anatafuta neno siku nzima, akalipata. Kisha maumivu yakakushika tena, ukauma blanketi.

Gari la wagonjwa lilifika muda mfupi baadaye, na vijana wawili wakakubeba kwa upole nisioweza kuusahau. Rejeta zilikuwa zimeanza kupata joto tulipokuwa tunatoka.

Hospitali walikupa dawa za maumivu na maji ya mishipa. Siku ya pili ukatabasamu, nikadhani tumevuka. Siku ya tatu homa ikapanda na kifua kikaanza kubana. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya chini, alinieleza kwamba chembe za damu zimeziba kwenye mapafu, na kwamba wanafanya kila wanachoweza. Ulikuwa na barakoa ya hewa usoni. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikikushika mguu juu ya shuka, na kila nilipofungua mdomo kukuomba msamaha nesi aliingia, au ulisinzia, au mimi mwenyewe niliingiwa na woga kwamba nikilisema lile neno utakuwa unakufa kweli. Siku ya nne uliisogeza barakoa kidogo.

“Mama umemwambiaje?”

“Nimemwambia boila iliharibika ghafla.”

Ulinitazama muda mrefu. Kisha ukasema, “Sawa,” ukairudisha barakoa.

Mpaka leo sijui sawa ile ilikuwa ya aina gani. Nimeigeuza kila upande. Kuna siku naisikia kama msamaha. Kuna siku naisikia kama ulichoka tu, ukaniachia mzigo wangu. Alfajiri ya siku ya tano ulituacha.

Tulikurudisha Musoma. Wote waliosaidia tukakurudisha wanajijua, na ninawashukuru hata kama wakinisikia leo watanigeuzia uso. Msibani Mama alikaa kwenye mkeka na kunishika mkono mbele ya wanawake, akaniuliza tena, “Ile mashine iliharibika ghafla?” Nikasema, “Ghafla, Mama.” Wanawake wakaguna, mmoja akasema mashine za Wazungu ni hivyo, zinaua bila kutoa dalili. Bhoke, ilitoa dalili asubuhi sita. Ilikuwa inanipigia kelele. Nilisikia maneno yale yakizunguka mkeka mzima nikayaacha yazunguke, na usiku wa matanga nikala wali.

Niliporudi huku, mwenye nyumba alikuwa ameleta fundi. Alilivika lile bomba sponji nyeusi kutoka juu mpaka chini, kazi ya dakika kumi, akanipa pole. Tangu hapo boila haijawahi kuandika F. Ningefurahi kama ingeandika. Nimekaa mbele yake nikiisubiri iandike, daftari mkononi, ili safari hii nifanye ulivyonifundisha: niandike namba, nisibonyeze, niite. Kisha nakumbuka sina wa kumwita.

Silali vizuri. Nikiwasha joto naona nakudhihaki. Nikizima natetemeka, na kutetemeka kwenyewe hakunifikishi mahali ulipokuwa wewe. Nimewahi kukaa sebuleni na koti kuanzia nilipotoka kazini mpaka muda wa kulala, rejeta zote zimefungwa, nikiamini kwamba kuna kiasi fulani cha baridi ambacho nikikivumilia nitakuwa nimelipa. Hakuna. Nimejaribu.

Alhamisi, Bi Harbans aliponikatalia kusoma namba, aliongeza jambo moja kabla hajakata simu. Akasema, “Mama yako anajua?” Nikasema hapana. Akasema, “Haya,” kwa namna ya mtu anayefunga mlango pole pole.

Jumapili nilinunua kadi ya simu pale Soho Road, nikarudi, nikakaa sakafuni jikoni, nikampigia Mama. Alikuwa ametoka kanisani. Nikamwomba akae. Nikamwambia yote kwa mpangilio kama nilivyowaambia hapa: asubuhi sita, ahadi niliyokuvunjia, swali lako, jibu langu, mita, Perry Barr, bomba, na uliloniambia kwenye kochi. Sikulia. Nilitaka sana kulia ili anionee huruma, kwa hiyo nikajizuia.

Nilipomaliza nilisikia kuku uani kwetu, na mtu akipita barabarani akimsalimia, naye asiitikie. Nikangoja anilaani. Nilikuwa nimejiandaa kwa laana, nilikuwa naihitaji.

“Alipotoka kwenda kwenye hiyo mita,” Mama akasema, “alivaa nini miguuni?”

Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Ningeweza kusema sijui, na angeniamini.

“Ndala, Mama.”

“Ndala.”

“Nilizikuta nyuma ya mlango zimelowa. Nikazikausha, nikazirudisha chumbani kwake ili watu wasizione.”

“Na wewe ulipomwambia aende, hukumwambia avae?”

“Hapana, Mama.”

Mama akaanza kulia. Msibani alikuwa amelia kama wanavyolia wazazi, kwa sauti, na watu wamemshika. Hiki kilikuwa kilio kingine, kidogo, cha mtu aliye peke yake anayeona kitu kwa macho yake: vidole vyako, theluji, mpira wa ndala. Hakukata simu. Mimi pia sikukata. Nilikaa nimeibana sikioni kwa mikono miwili, nikimsikiliza, mpaka ile sauti ya kadi ikaingia katikati yetu kusema dakika zimekwisha.

Nimepiga tena jana na leo. Inaita mpaka inakatika.

Basi, Bhoke, jumuiya imesikia. Siombi wanisamehe, na sitakuomba wewe hadharani, maana hata faraghani nilikuwa na siku tano nikashindwa. Ninachokuomba ni kwamba kama kweli kuna mahali ulipo, na kama Mama ana sauti anayoweza kuisikia kuliko yangu, umwambie apokee simu.

Pumzika, mwana wa mama yangu.

Mimi dada yako.